Swali la Kwanza: Dukakis, Bush na Usiku wa Los Angeles, 1988

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1988, ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ulijaa watu ambao hawakufuata mpira. Mbele yao zilisimamishwa mimbari mbili. Nyuma ya moja alikuwa George H. W. Bush, makamu wa rais wa Marekani na mgombea wa chama cha Republican. Nyuma ya nyingine alikuwa Michael Dukakis, gavana wa jimbo la Massachusetts, mgombea wa Democratic. Zilikuwa zimebaki siku 26 watu wapige kura.

Msimamizi wa mdahalo, mtangazaji Bernard Shaw wa CNN, alieleza taratibu kwa ufupi, kisha akamgeukia Dukakis. Swali lake halikuwa na utangulizi: "Gavana, kama Kitty Dukakis angebakwa na kuuawa, ungeunga mkono muuaji wake apewe adhabu ya kifo, adhabu isiyorudishika?"

Kitty alikuwa mke wa Dukakis.

Jibu lilikuja papo hapo. "Hapana, siungi mkono, Bernard. Na nadhani unajua kwamba nimeipinga adhabu ya kifo maisha yangu yote." Akaendelea kwa sauti ileile: haoni ushahidi kwamba adhabu hiyo inazuia uhalifu, zipo njia bora za kupambana na ukatili, Massachusetts imepunguza uhalifu kuliko jimbo lolote la viwanda nchini. Kutoka hapo akahamia kwenye vita dhidi ya dawa za kulevya, akafika mpaka kwenye mpango wake wa kuwaita viongozi wa nchi za Amerika wakae pamoja walijadili tatizo hilo. Jina la mkewe hakulitaja hata mara moja.

Wengi wanaosimulia uchaguzi ule husema kampeni ya Dukakis ilikufa katika dakika mbili hizo. Nimeirudia rekodi ile mara nyingi, na sikubaliani nao moja kwa moja. Kuni zilikuwa zimekusanywa tangu mwezi Mei, zikapangwa na watu wenye ujuzi mkubwa wa kazi hiyo, na yeye alikuwa akizitazama zikipangwa bila kusema neno. Usiku ule alichofanya ni kuleta kiberiti. Ndiyo maana nakiona kisa hiki kuwa cha thamani kuliko visa vingine vya midahalo: hapa matope ya kumchafua mgombea na uso wake mwenyewe vinaonekana vikifanya kazi pamoja, kimoja kikikitegemea kingine.

Aliyekuwa akiongoza

Turudi nyuma kidogo. Dukakis alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, baba yake daktari. Alikuwa gavana aliyekwenda ofisini kwa treni ya mjini kama raia mwingine yeyote, mtu wa mahesabu, mtu wa kusoma faili mpaka ukurasa wa mwisho. Julai 1988, kwenye mkutano mkuu wa chama chake mjini Atlanta, alisema kwamba uchaguzi huo hauhusu itikadi, unahusu uwezo wa kazi. Baada ya mkutano huo kura ya maoni ya Gallup ilimweka mbele ya Bush kwa pointi 17.

Kutangulia si kufika. Ukiitazama kauli ile ya Atlanta kwa makini utaona udhaifu uliokuwa umejificha ndani ya pointi 17. Mgombea aliyewaambia watu wamchague kwa sababu anaweza kazi hakuwa amewaambia yeye ni nani. Nje ya Massachusetts, Wamarekani wengi walikuwa wamemjua kwa miezi michache tu. Walimpenda kwa namna mtu anavyompenda jirani mpya ambaye bado hajakosana naye. Ubao wake ulikuwa mweupe, na katika siasa ubao mweupe haukai hivyo muda mrefu. Usipoandika wewe, ataandika mwenzako.

Aliyeandika alikuwa ameshaanza. Mwishoni mwa Mei, mjini Paramus, New Jersey, timu ya Bush iliwakusanya wapiga kura wapatao 30 wa aina maalumu: watu wa Democratic waliompigia Ronald Reagan, rais wa Republican, kura mwaka 1984, na ambao sasa walikuwa wamerudi nyumbani kwa Dukakis. Waligawanywa vikundi viwili, wakaketi kuzungumza, huku wakuu wa kampeni wakiwatazama nyuma ya kioo kisichoona upande wa pili. Mwongozaji akawauliza: je, mngejua kwamba gavana huyu aliukataa muswada wa kuwataka walimu waongoze kiapo cha bendera darasani? Kwamba anapinga adhabu ya kifo? Kwamba katika jimbo lake wauaji waliofungwa maisha walipewa ruhusa ya kwenda nje mwisho wa wiki? Mazungumzo yalipokwisha, karibu nusu ya wale watu walikuwa wamemwacha.

Lee Atwater, meneja wa kampeni ya Bush, alitoka pale akijua silaha zake. Silaha zote hizo, na hili ndilo linalonikereketa, zilikuwa na chembe ya ukweli. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uongo mtupu hupingwa kwa ushahidi. Nusu ya ukweli hutaka maelezo, na mwenye kutoa maelezo mbele ya umma tayari anaonekana kama mtuhumiwa.

Matope yenyewe

Chukua suala la bendera. Mwaka 1977 Dukakis aliukataa muswada wa kuwalazimisha walimu wa Massachusetts waongoze kiapo cha utii kwa bendera. Kabla ya kuukataa aliomba maoni ya mahakama kuu ya jimbo, na majaji wakamwambia muswada huo unapingana na katiba. Nyuma yao kulikuwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1943 uliosema mwanafunzi halazimishwi kula kiapo hicho. Kisheria, Dukakis alisimama imara. Lakini Bush alikuwa akiwaongoza watu kwenye mikutano wakale kiapo kwa sauti, mkono kifuani, na mwezi Septemba akatembelea kiwanda cha bendera New Jersey. Dukakis alipotakiwa kujibu, alieleza maoni ya mahakama. Mwenzake anaonyesha kitambaa chenye nyota, yeye anaonyesha karatasi yenye mihuri.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, na sitakipita haraka. William Horton alikuwa amefungwa maisha Massachusetts, bila matumaini ya kuachiwa, kwa mauaji ya kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifanya kazi kituo cha mafuta mwaka 1974. Jimbo lilikuwa na mpango wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kutoka kwa muda. Mpango ulianza mwaka 1972 chini ya gavana wa Republican, Francis Sargent. Mahakama ilipotafsiri kwamba hata wenye hatia ya mauaji ya daraja la kwanza, yaliyo mazito kuliko yote, wanahusika, bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuwaondoa, na mwaka 1976 Dukakis akauzuia. Juni 1986 Horton alipewa ruhusa, hakurudi. Aprili 1987, huko Maryland, alivamia nyumba ya wachumba wawili, akamkata mwanamume kwa kisu, akambaka mwanamke mara mbili.

Hayo ni maumivu ya kweli ya watu wa kweli, na Dukakis alikuwa na deni la kuyaeleza. Gazeti la Lawrence Eagle-Tribune liliuandika mpango ule kwa kina mpaka likapata tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka 1988. Hata ndani ya chama chake mwenyewe aliulizwa: seneta Al Gore aliligusa suala la ruhusa za wafungwa kwenye mdahalo wa kura za mchujo jijini New York, ingawa hakumtaja Horton. Aprili 1988 Dukakis alitia saini sheria ya kuwafungia wauaji wa daraja la kwanza njia hiyo. Alidhani hesabu imefungwa.

Septemba tangazo likatoka. Halikutolewa na kampeni ya Bush yenyewe, bali na kundi lililojitegemea, National Security PAC. Lilikuwa la nusu dakika: picha ya Bush na msimamo wake kuhusu adhabu ya kifo, picha ya Dukakis na msimamo wake, halafu sura ya Horton, mwanamume Mweusi mwenye ndevu na nywele nyingi, imejaa kioo chote cha televisheni huku maneno ya kuteka, kuchoma kisu na kubaka yakitokea moja baada ya jingine. Tangazo lilimwita Willie, jina ambalo mwenyewe alisema hakuwa akiitwa. Sauti ikamalizia: ruhusa za gerezani za mwisho wa wiki, Dukakis na uhalifu.

Aliyeiweka picha ile pale alijua ingezungumza nini na hofu ya kale ya Wamarekani Weupe. Haikuhitaji neno moja kuhusu rangi. Naiita fitina ya ubaguzi, na sioni sababu ya kutafuta jina laini zaidi.

Tarehe 5 Oktoba kampeni rasmi ya Bush ikaleta tangazo lake, bila Horton. Picha hazikuwa na rangi: wanaume wenye sare za wafungwa wakipita mmoja mmoja kwenye geti la nondo linalozunguka, wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka. Msimulizi anasema Dukakis aliwapa wauaji wa daraja la kwanza ruhusa za mwisho wa wiki, na kwenye kioo yanatokea maandishi kwamba 268 walitoroka. Mtazamaji anaunganisha mwenyewe: wauaji 268 wako mitaani. Ukweli ni kwamba 268 ni watoro wote wa mpango ule katika mihula miwili ya kwanza ya Dukakis. Wenye hatia ya mauaji ya daraja la kwanza walikuwa 4 kati yao. Aliyeteka na kubaka alikuwa mmoja. Kila namba ilikuwa sahihi na kila sentensi ilikuwa na mtetezi wake; udanganyifu ulikuwa kwenye kuziweka karibu karibu.

Taarifa za habari zilipoanza kuyajadili matangazo hayo, ziliyaonyesha upya, bure, jioni baada ya jioni.

Kulikuwa na mengine. Mwanzoni mwa Agosti ulivumishwa uvumi kwamba Dukakis aliwahi kutibiwa kwa msongo wa akili. Mwandishi alipomuuliza Rais Reagan, akajibu kwamba hatamwandama mgonjwa. Baadaye alisema ulikuwa mzaha uliokosea njia, lakini daktari wa Dukakis alikuwa ameshalazimika kutoa taarifa ya afya ya mgombea mwenye afya njema. Bush naye alipanda mashua kwenye bandari ya Boston kuonyesha uchafu wa maji ya nyumbani kwa mpinzani wake mwanamazingira.

Halafu kuna kifaru. Hilo alijifanyia mwenyewe. Tarehe 13 Septemba, akitaka kuonyesha kwamba ulinzi wa nchi anaujali, alipanda kifaru cha M1 kwenye kiwanda kimoja huko Sterling Heights, Michigan, akavaa kofia kubwa ya askari yenye jina lake, akazungushwa uwanjani huku akitabasamu na kunyoosha kidole. Waandishi waliokuwepo walicheka. Mwezi uliofuata timu ya Bush ikachukua picha zilezile, ikaweka juu yake orodha ya silaha ambazo Dukakis alizipinga, ikazirusha.

Kimya

Kwa nini hakujibu? Huu ndio ukurasa wa kisa ambao huniuma kila nikiusoma. Wasaidizi walimsihi. Yeye aliamini mambo mawili: kwamba watu wamechoka na siasa za kuchafuana, na kwamba kulijibu tope ni kulipa heshima. Ni imani ya mtu mwenye staha. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na kati ya Agosti na Oktoba mguu ulivimba mbele ya macho ya kila mtu. Bush alishampita katika kura za maoni mwishoni mwa Agosti, baada ya mkutano mkuu wa Republican mjini New Orleans, kabla hata tangazo la Horton halijarushwa.

Tatizo la kimya hicho ni kwamba hakikubaki kimya tu machoni pa watu. Kiligeuka kuwa tabia. Mtu anaambiwa haipendi nchi yake, hakasiriki. Anaambiwa anawaachia wabakaji, hakasiriki. Mtazamaji wa kawaida, ambaye angetupiwa tuhuma kama hizo angeruka kwenye kiti, anaanza kujiuliza kama ndani ya mtu huyu kuna kitu kinachopiga. Hapo ndipo sura yake ilipoanza kubadilika. Jirani mpya mtulivu akawa mtu wa baridi.

Bush aliligusa jambo hilo wazi kwenye mdahalo wa kwanza, tarehe 25 Septemba, Winston-Salem, North Carolina. Alikuwa amejikwaa kwenye maelezo fulani, na akajitoa kwa kusema ingekuwa vizuri kuwa mtu wa barafu, asiyekosea kamwe. Ukumbi ukacheka. Tazama ustadi wa kauli ile: aliligeuza kosa lake mwenyewe kuwa ushahidi wa ubinadamu, na usahihi wa mwenzake kuwa ushahidi wa upungufu. Wengi waliona Dukakis alijenga hoja zake vizuri zaidi usiku ule, na sidhani walikosea. Lakini jina la mtu wa barafu lilitoka ukumbini pamoja na watazamaji.

Rudi Los Angeles

Sasa lisikilize tena swali la Shaw. Kubakwa. Kuuawa. Adhabu ya kifo. Je, mwezi Julai, Dukakis akiwa mbele kwa pointi 17, kuna mwandishi angefikiria kumwuliza hivyo? Naamini hapana. Swali lile lilizaliwa na matangazo. Bush hakulazimika kulirusha mwenyewe wala kulipa hata senti. Liliulizwa na mwanahabari huru, mtu aliyetaka kwa nia njema kabisa kujua kama nyuma ya takwimu kuna moyo. Waandishi watatu walioketi naye kwenye jopo, wote wanawake, walimsihi kabla ya mdahalo alilegeze, alitoe jina la Kitty. Akakataa.

Hivi ndivyo matope hufanya kazi yakishakolea. Yanaandika mtihani, kisha mtu mwingine anausimamia.

Na Dukakis alikuwa na jibu. Hili wengi hawalijui. Baba yake, daktari, akiwa na miaka 77, alivamiwa kazini kwake na mtu aliyetafuta dawa za kulevya, akapigwa na kufungwa kamba. Kaka yake, Stelian, aligongwa na gari mwaka 1973 na dereva akakimbia, akafa. Dukakis alishawahi kuyaeleza haya hadharani akizungumzia uhalifu, na wasaidizi wake walikuwa wamemwandaa kuyasema. Angeweza kusema kwamba angetamani kumnyonga muuaji kwa mikono yake, na kwamba ndiyo sababu sheria haiachiwi mikononi mwa mume aliyefiwa. Msimamo wake usingesogea hata kidogo. Lakini siku ile alikuwa anaumwa, mafua yamembana, sehemu ya mchana aliipitisha kitandani. Na naamini, zaidi ya mafua, swali lilimfikia kama swali la adhabu ya kifo tu, swali alilolijibu mara elfu moja. Akalijibu kwa mara ya elfu moja na moja.

Jaribu kuitazama sehemu ile bila sauti. Mtu anaulizwa jambo ambalo mdomo wako mwenyewe unatishika kulirudia, na uso wake hauonyeshi kwamba limemgusa. Hakuna pumzi inayovutwa, hakuna kukunja uso, hakuna hata sekunde ya ukimya. Kasi ya jibu ndiyo iliyoogopesha watu, nadhani, kuliko maneno. Mtu akisita mbele ya swali kama lile, tunaona amefika mahali lilipo jeraha. Dukakis hakusita.

Kisha ikaja zamu ya Bush, na huwa naona haizungumzwi vya kutosha. Shaw alimsomea kipengele cha Marekebisho ya 20 ya katiba: endapo utachaguliwa na kufa kabla ya kuapishwa... Bush akamkatiza kwa mshtuko wa mzaha, "Bernie!" Ukumbi ukaangua kicheko. Shaw akamalizia: basi Dan Quayle angekuwa rais wa 41. Swali lilikuwa kali, kwa sababu Quayle, mgombea mwenza wake, alikuwa mzigo mkubwa zaidi wa kampeni ile. Jibu lenyewe la Bush lilikuwa la kawaida tu, kwamba ana imani naye. Nani analikumbuka? Neno moja, jina la mwulizaji lililofupishwa, lilishafanya kazi. Aliulizwa kuhusu kifo chake akaonyesha amesikia. Mwenzake aliulizwa kuhusu kifo cha mkewe.

Baadaye usiku uleule Dukakis aliambiwa usoni na mmoja wa wanajopo kwamba mdahalo wa kwanza aliushinda kwa akili na kuupoteza kwa moyo. Akaulizwa kama rais anahitaji kupendeka ili aongoze. Alijibu kwamba anadhani yeye ni mtu wa kupendeka kiasi cha kutosha, tena siku hizi anapendeka kuliko ujanani, ila ni mtu makini, na urais ni kazi ya umakini. Alitabasamu kidogo aliposema hivyo. Namwonea huruma sana hapo. Hakuna binadamu aliyewahi kupendwa kwa kutetea hoja kwamba anapendeka.

Je, ndicho kilichomshinda?

Tarehe 8 Novemba Bush alipata asilimia 53.4 ya kura, Dukakis 45.6. Bush alichukua majimbo 40, Dukakis 10 pamoja na Washington, D.C. Kati ya wajumbe wa uchaguzi, ambao kura zao ndizo humweka rais madarakani, 426 walimpigia Bush, 111 Dukakis, na mmoja wa West Virginia akampigia Lloyd Bentsen, aliyekuwa mgombea mwenza wa Dukakis.

Lazima niwe mkweli hapa, kwa sababu kisa hiki hupendwa kupita kiasi na wanaouza mafunzo ya kuongea jukwaani. Uchumi wa Marekani mwaka 1988 ulikuwa unakua, nchi haikuwa vitani, na Reagan aliondoka madarakani akipendwa na zaidi ya nusu ya wananchi. Makamu wa rais wa aina hiyo ana upepo mgongoni. Pointi 17 za Julai zilikuwa joto la mkutano mkuu, na joto hilo hupoa. Inawezekana kabisa kwamba Bush angeshinda hata kama Dukakis angelia machozi pale Los Angeles. Simkatalii anayesema hivyo.

Ila kushindwa uchaguzi ni jambo moja, na kubaki kwenye kumbukumbu ya watu kwa sura ambayo adui alikuchorea ni jambo jingine. Wagombea wengi wameshindwa vibaya kuliko Dukakis na hawakumbukwi kwa ubaridi wala kwa kofia ya kifaru. Yeye anakumbukwa hivyo. Mtu aliyekuwa na baba aliyefungwa kamba na mhalifu, na kaka aliyekufa barabarani, aliingia kwenye historia kama asiyejua uchungu wa uhalifu. Huo ndio upana wa kazi iliyofanywa na matangazo pamoja na dakika mbili, na hauonekani kwenye asilimia za kura.

Mwishoni mwa Oktoba alijaribu kujitetea. Alitoa tangazo akisema amechoka na matangazo ya Bush, akatembea na kupaza sauti, na tarehe 30 Oktoba akasema waziwazi kwamba yeye ni mliberali katika njia ya Roosevelt, Truman na Kennedy, marais wa zamani wa chama chake. Mikutano ilijaa, watu walimpokea kwa shangwe. Wiki moja na siku mbili zilikuwa zimebaki. Mwaka ule karibu nusu tu ya wenye haki ya kupiga kura ndio waliokwenda vituoni, kiwango cha chini kuliko chochote tangu 1924. Na miezi ile ya matusi ya televisheni sidhani ilimshawishi mtu yeyote kuondoka kwenye kiti chake.

Waliobaki walichukua somo haraka. Kampeni ya Bill Clinton ya mwaka 1992 iliweka chumba kizima cha watu ambao kazi yao ilikuwa kuijibu kila tuhuma siku hiyohiyo. Na kwenye mdahalo wa Richmond, Virginia, Oktoba 1992, kamera ilimnasa Bush, sasa akiwa rais, akiangalia saa ya mkononi wakati mwananchi akijiandaa kumwuliza kuhusu ugumu wa maisha. Tuhuma kwamba amekuwa mbali na watu ilikuwa imeshatembea nchi nzima miezi mingi. Saa ile iliipa picha. Alishindwa uchaguzi.

Lee Atwater hakuuona mwaka huo. Alipatwa na uvimbe kwenye ubongo, akafa Machi 1991 akiwa na miaka 40. Kabla ya kufa alimwomba Dukakis radhi hadharani, kwenye jarida la Life, kwa maneno mawili aliyoyasema mwaka 1988: kwamba angembandua Dukakis magome kama mti, na kwamba angemfanya Horton mgombea mwenza wake. La kwanza aliliita ukatili mtupu.

Dukakis mwenyewe alimaliza ugavana Januari 1991, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Amekiri mara kadhaa kwamba uamuzi wa kutojibu mashambulizi ulikuwa kosa lake, wala hakumtupia mwingine. Lakini mwanahabari Jim Lehrer alipomhoji miaka baadaye kuhusu swali la Shaw, alisema ameirudia rekodi, ameitazama na kuisikiliza, na pengine bado kuna kitu asichokiona, ila kwa kweli haoni kama jibu lile lilikuwa baya kiasi hicho. Mimi nililisoma jibu hilo kwenye karatasi, neno kwa neno, kabla sijawahi kuiona picha yake. Kwenye karatasi nilikubaliana naye.